Nyumba Isiyotaka Kushtuka

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu sakafuni, Kabula aliweka vidole viwili shingoni, chini ya taya, akasikiliza. Moyo ukienda polepole, aliamka, akakunja shuka, akachukua ndoo na kwenda bombani. Ukienda mbio, alibaki amelala chali kama gogo mpaka utulie. Siku nyingine ulichelewa kutulia, naye akachelewa shule.

Jambo hilo hakufundishwa na mtu. Aliliona hospitalini, pale muuguzi alipomgusa mama yake shingoni, akangoja, akangoja tena, kisha akamtazama baba na kutikisa kichwa.

Mama yake, Levina, alifariki mwezi wa saba, wakati baridi ya Tabora inapofanya hata mbuzi watamani masweta. Alikuwa na presha. Alianguka uani akipepeta mchele, ungo ukabingirika peke yake mpaka mlangoni. Kata yao nzima ya Itetemia ilikuja msibani, na kama ilivyo kawaida, kila aliyekuja alikuja na sababu yake.

"Mawazo yamemuua," alisema mmoja.

"Mawazo tu," akaitikia mwingine. "Alikuwa mtu wa kuwaza sana yule."

Mpaka jeneza linashushwa, hakuna aliyekuwa na shaka tena: Levina ameuawa na mawazo. Kabula, aliyekuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, aliyasikia yote. Moyo wake wakati huo ulikuwa unadunda kama mchi kinuni. Akajiuliza: kumbe na mimi yameshaniingia?

Shangazi Magreth, dada ya baba, alifika kutoka Ziba akiwa na begi moja na mwavuli, akabaki. Alikuwa mwanamke mwenye upendo mzito na sauti nzito zaidi. Akiwa kwao Ziba, alikuwa akiita ng'ombe wake tu, ng'ombe wa majirani nao wanakuja. Lakini tangu siku ya mazishi aliifungia sauti hiyo kifuani.

"Katika nyumba hii," alitangaza kwa kunong'ona, "mtu asimshtue mtu. Nimemzika wifi yangu. Siziki mwingine hapa."

Amri hiyo ilifuatwa kuliko sheria za nchi. Redio ilipunguzwa sauti mpaka mtangazaji akawa kama mtu anayeomba radhi. Milango iliwekewa vitambaa isije ikabamizwa. Mgeni aliyepiga hodi kwa nguvu alipewa maji ya kunywa na karipio juu yake. Walikuwa na jogoo mwekundu, aliyewika kwa sauti ya kuamsha abiria waliolala stesheni ya Kaliua. Huyo alichinjwa kwa kosa la kuwika ghafla, na mchuzi wake ukanywewa kimya kimya.

Picha ya mama ilitolewa ukutani, ikafungwa kwenye khanga, ikawekwa sandukuni. Jina lake nalo halikutajwa tena. Ilipobidi kumtaja, watu walisema "yule". Na juu ya picha, sandukuni humo humo, likalazwa tarumbeta la Kabula.

Kabula alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya usharika wao wa Moravian. Alianza akiwa mdogo hata mashavu hayajajua kazi. Mama yake, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya pili, alisimama nyuma yake kila siku ya mazoezi, akamwekea kiganja mgongoni na kumwambia, "Vuta pumzi mpaka inisukume mkono." Tangu mkono huo uondoke, Kabula hakuwa na hamu ya kupuliza kitu. Na hata angekuwa nayo, kupiga tarumbeta kunakimbiza moyo, na kukimbiza moyo kulikatazwa.

Shuleni mambo yalikuwa hayo hayo. Mwalimu akimwita asome mbele ya darasa, moyo ulimruka, na yeye akarudi kitini. "Mwalimu, moyo wangu," alisema. Wakati wa michezo alikaa kivulini kama kikongwe. Masolwa, mvulana wa darasa lake aliyepiga besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, katika bendi ile ile, akampa jina.

"Mpisheni Bibi Presha!" alipaza sauti, akijifanya kumwandalia njia. "Msikohoe jamani, mtamuua!"

Darasa lilicheka. Kabula aliweka vidole shingoni, maana hata hasira aliiogopa.

Lakini kadiri alivyoulinda moyo wake, ndivyo ulivyozidi kumsumbua. Alianza kuumwa kichwa. Tumbo lilimsokota hata kabla hajala, na akila, alikula vijiko viwili vitatu akaacha. Usingizi ulimpotea, kwa kuwa alikesha akijisikiliza. Sketi ya shule, ambayo mama aliiacha ikimtosha, sasa ilishikwa kwa pini. Shangazi alipoona mtoto anakonda, alizidisha ukimya. Baba yake, Eliya, mrina asali, ndiyo kwanza akawa anakaa porini kwenye mizinga yake siku nyingi zaidi, na akirudi alikula, akashukuru, akalala.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa hadi Kwaresima ilipoingia, na jioni moja, Eliya akiwa nyumbani, Mwalimu Erasmus, kiongozi wa bendi, akaja.

"Hodi," alinong'ona mlangoni, maana habari za nyumba hiyo alikuwa nazo.

"Karibu, Mwalimu," alinong'ona Shangazi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisalimia Kabula.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepukutika hivyo? Upepo ukivuma kidogo tutakufuata Urambo." Aliketi, akaweka kofia magotini, na sauti yake ikabadilika. "Eliya, nimekuja na ombi. Pasaka inakaribia. Alfajiri yake tutakuwa makaburini kama desturi yetu. Wale waliotutoka tangu Pasaka iliyopita watasomwa majina, na kila jina litapigiwa tarumbeta. La Levina limo. Naomba Kabula ampigie mama yake mwenyewe."

Shangazi alisimama. "Mwalimu, umekunywa nini? Unataka msiba juu ya msiba? Mtoto ana moyo huyu!"

"Sote tunao, Magreth."

"Ana moyo mwepesi! Kama wa yule!"

Kabula hakusikia mabishano hayo vizuri. Masikioni mwake lilikuwa limebaki neno moja, Levina, ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya kuta zile tangu mwezi wa saba. Moyo uliruka kama chura. Akapeleka vidole shingoni: unakwenda mbio. Akaogopa, ukazidi. Akavuta pumzi fupi fupi, nyingi nyingi, mpaka vidole vikafa ganzi na midomo ikamchonyota.

"Baba," alisema, "ninakufa."

Eliya hakungoja kofia wala viatu. Alimpakia nyuma ya baiskeli, akamfunga kiunoni mwake kwa khanga, akakanyaga pedali kuelekea zahanati. Shangazi aliwafuata mbio na mwavuli wake, akilia, na hata wakati huo alilia kwa kunong'ona.

Aliyekuwa zamu ni Daktari Urmi. Yeye alizaliwa mjini Tabora, nyuma ya duka la vitambaa la babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora tupu. Aliketi mbele ya Kabula, akamshika mikono yote miwili.

"Nitazame mimi. Toa pumzi polepole, kama mtu anayepoza uji. Usiuharakishe, utaungua. Haya, tena."

Wakapoza uji usiokuwapo, bakuli baada ya bakuli, mpaka vidole vya Kabula vikarudi kuwa vidole. Ndipo daktari akampima presha, akampima damu, akasikiliza kifua mbele na nyuma, na akamwuliza habari za kula na kulala.

"Damu imepungua kidogo, na hiyo ni kwa sababu huli. Lakini moyo wake ni mzima kabisa," alisema mwishowe.

"Mzima vipi, Daktari, na unapiga hivi?" aliuliza Shangazi.

"Mama, usingepiga ndiyo ningekimbia mimi." Daktari akageukia dirisha. "Kabula, unaliona lile geti? Kimbia, liguse, urudi."

"Asikimbie!" Sauti ya Ziba ilimponyoka Shangazi kwa mara ya kwanza, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakasimama.

"Dada," alisema Eliya akimshika mkono. "Mwache."

Kabula hakuwa amekimbia tangu mwezi wa saba. Alianza kama kuku aliyefunguliwa kamba, hajui kama yuko huru. Kisha miguu ikakumbuka. Aliligusa geti, akarudi akihema, macho yamemtoka kwa hofu. Daktari alimvalisha masikioni kile kifaa chake cha kusikilizia, akaweka upande wa pili kifuani pake.

"Unasikia nini?"

"Unapiga. Unapiga sana!"

"Umekufa?"

Kabula alifikiri. "Bado."

"Endelea kusikiliza."

Na kwa masikio yake mwenyewe Kabula aliusikia moyo ukipunguza mwendo, kama treni inayoingia stesheni, hata ukawa unatembea tu. Hakuna aliyeusaidia. Ulijua wenyewe.

"Sasa nisikilize mimi," alisema daktari. "Mtu akiogopa, au akiwa na jambo zito mbele yake, moyo hukimbia ili kumsaidia. Unapeleka damu miguuni, mikononi, kichwani, apate nguvu ya kulikabili. Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe uliusikia unakuja kukusaidia, ukadhani ni mwizi. Ukawa na hofu mbili, ya pili imepanda mgongoni mwa ya kwanza. Hivyo huli, hulali, kichwa kinauma, tumbo linauma. Hofu hiyo ya kuogopa moyo ndiyo inayokuumiza."

"Lakini mama..." Kabula alimtazama baba yake, akajitia moyo. "Mama aliuawa na mawazo. Walisema."

Eliya aliitazama miguu yake isiyo na viatu.

"Alikuwa na vidonge vya kumeza kila siku," alisema polepole. "Alipopata nafuu akaviacha. Nilimwona anacheka, anapepeta, anaimba, nikasema amepona. Sikumwuliza tena."

Daktari hakumlaumu. "Wengi hudhani hivyo. Presha hukaa mwilini hata mtu akijiona mzima, ndiyo maana dawa haziachwi bila kuuliza. Kabula, sikudanganyi: mawazo mazito yakikaa muda mrefu, mtu halali, hali, hasemi na mtu, mwili huumia. Lakini mama yako alikuwa na ugonjwa. Hakuuawa na siku moja ya huzuni. Na moyo wako ukidunda, si kifo kinachopiga hodi."

"Na huzuni ina dawa gani?"

"Mimi sina kidonge chake. Inataka machozi, maneno, chakula, usingizi na watu." Aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Mmemlilia mama?"

Eliya alimshika Kabula mkono, wakatoka.

Kesho yake mchana Eliya hakwenda porini. Alifungua sanduku, akalitoa tarumbeta, akaitoa picha, akaifungua khanga pole pole. Aliirudisha picha kwenye msumari wake, akarudi nyuma hatua chache.

"Levina," alisema, kama mtu anayejaribu kama sauti bado ipo. Kisha akaketi chini, ukutani, akalia.

Kabula hakuwahi kumwona baba yake akilia. Moyo wake ulianza kukimbia na vidole vikapanda shingoni vyenyewe. Vilipofika nusu ya safari, akavigeuza, akaushika navyo mkono wa baba. Akaketi kando yake. Moyo ulikimbia, ukakimbia, machozi yakaja, na yeye akayaacha.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, khanga mdomoni. Akaitoa.

"Mayu!" alilia, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mayu! Wifi yangu Levina!"

Sauti iliyokuwa imefungiwa tangu mwezi wa saba ilitoka yote siku hiyo. Kuku walitawanyika. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe mikononi, wakiuliza nani tena amekufa.

"Hakuna msiba mpya," aliwajibu Eliya akifuta uso. "Ni ule ule. Tumeuanza leo."

Basi wakaketi nao, na mazungumzo ya Levina yakaenda mpaka jua likainama: alivyokuwa akiimba, alivyokuwa akichekea kanisani, alivyomfukuza nyani shambani kwa sufuria moja na matusi ya adabu. Jioni hiyo Kabula alikula ugali akaomba uongezwe. Usiku alilala.

Asidhani mtu kwamba mambo yalinyooka hapo hapo. Zilikuwapo asubuhi ambazo vidole vilipanda shingoni kabla hajajua. Zilikuwapo siku ambazo huzuni ilimkuta njiani, kwenye ile njia ya zamani ya misafara iendayo Kwihara, akakaa pembeni akalia, kisha akainuka akaendelea. Lakini alikwenda mazoezini.

Siku ya kwanza tarumbeta lilimgonga meno. "Mwalimu, moyo unaanza," alisema.

"Vizuri!" alisema Mwalimu Erasmus. "Nilidhani umeusahau nyumbani. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi katika misafara. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, na akichoka, eti alimbeba na ndovu mwenyewe."

"Mwalimu!" walicheka watoto.

"Mnabisha mlikuwapo? Basi kila alfajiri kiongozi wa msafara alipiga ngoma. Wapagazi hawakutawanyika porini wakilia kwamba ngoma inataka kuwaua. Walijua inawaambia: amkeni, fungeni mizigo, safari ipo. Na jioni waliitua mizigo chini, wakalala. Kabula, ngoma yako imepigwa. Funga mzigo, twende."

Masolwa, aliyekuwa amekumbatia besi yake, alisogea karibu. "Kabula, na mimi moyo wangu hunidunda kila tukianza," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe kwa lile jina."

"Nimekusamehe. Ila ukiniita tena, utajua kama mikono yangu nayo ina presha."

Alfajiri ya Pasaka umande ulikuwa mwingi, nyasi za masika zimefika magotini. Waumini walisimama kati ya makaburi na taa zao mikononi, wakingoja upande wa mashariki uwe mweupe. Majina yakaanza kusomwa. Jina moja, tarumbeta. Jina jingine, tarumbeta. Kila moja lilimkaribia Kabula kama mtu anayetembea kumfuata yeye.

"Levina Eliya."

Moyo uliruka. Vidole viwili vya Kabula vilipanda mpaka shingoni, vikausikia unavyokimbia. "Nimekusikia," aliuambia. Akavirudisha kwenye tarumbeta.

Sauti ya kwanza ilikatika katikati, kama mtoto anayeita. Watu wakangoja. Nyuma yake mtu alisogea, na kiganja kizito kikamkaa mgongoni. Hakikuwa cha mama. Kilikuwa cha Shangazi. Kabula akavuta pumzi mpaka ikausukuma mkono ule.

Safari hii sauti ilitoka nzima. Ilipita juu ya misalaba, juu ya mashamba ya mahindi, ikaenda. Wapo wa Itetemia wanaoapa mpaka leo kwamba ilisikika Kaliua, na kwamba dereva wa treni alivua kofia. Kabula alipiga mpaka mwisho huku machozi yakitiririka kwenye tarumbeta. Mama hakurudi. Kaburi lilikuwa pale pale, na jua likachomoza juu yake.

Walipofika nyumbani, Shangazi aliweka chai na mihogo mezani, akabaki amesimama.

"Nina neno," alisema, na hakunong'ona. "Mimi ndiye niliyeleta ukimya humu. Niliogopa, nikadhani nikizuia kishindo nitazuia kifo. Kumbe huzuni niliyoifungia ndiyo iliyokuwa inamla mtoto. Mwanangu, moyo wako ukidunda, usiukimbie. Jiulize unakuita kwenye kazi gani, uifanye. Mzigo ukiwa mzito, sema, tukushike. Ukilemewa, lia. Ukiumwa, tutakwenda kwa daktari, na dawa ukipewa, humezi kwa kubahatisha. Na mimi wiki hii nakwenda kupimwa presha, tangu lini sijui..."

Hakumaliza. Nyuma ya mlango, ndani ya tenga alilolifunika mwenyewe kwa khanga jana yake alipotoka mnadani, jogoo mpya aliwika kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Shangazi aliruka, birika likaruka naye, akashika kifua kwa mikono miwili.

"Unapiga!" alisema.

"Umekufa, Shangazi?" aliuliza Kabula.

Shangazi Magreth alifikiri. "Bado."

Wakacheka, Eliya mpaka akaegemea ukuta. Katikati ya kicheko Kabula aliinua macho kwenye picha, akamwona yule ambaye angecheka kuwashinda wote. Kicheko kikageuka machozi. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Hakuweka vidole shingoni. Aliinuka, akamfungulia jogoo atoke nje.